Mirinzi Ilipochanua Muleba

Baba yangu hakuwahi kunipa ruhusa ya kitu chochote bila kukohoa kwanza. Ukimwomba kwenda sokoni, anakohoa. Ukimwomba kwenda harusini, anakohoa halafu anauliza utaongozana na nani. Basi asubuhi ile ya Agosti, nilipomwambia nataka kupanda pikipiki peke yangu kutoka Kashozi mpaka Muleba, nikaone mirinzi ilivyochanua na kusali kwenye mapango ya Bikira Maria njiani, nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Hakukohoa.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Kiangazi hiki maua ni mengi. Utusalimie Mama Bikira."

"Peke yangu, Baba?"

"Si una pikipiki? Wewe sasa ni mtu mzima."

Damian, kaka yangu, alikuwa ameketi mlangoni anang'arisha viatu vyake vya kwaya. Siku zote Damian ndiye wa kwanza kunipinga. Hata nikisema nakwenda kuchota maji atatafuta sababu. Siku ile alisema tu, "Angalia mafuta," na wala hakuinua kichwa. Ningekuwa na akili zangu ningejiuliza. Lakini jamani, mtu aliyependa ana akili za nani?

Maua yalikuwa kisingizio. Nilikuwa namfuata Nathanieli Mushumbusi.

Mimi nilikuwa Bibi Maendeleo. Nilizunguka vijijini kuwafundisha akina mama kushona na kuchemsha maji ya watoto, na ndiyo maana padre mmoja Mholanzi, aliporudi kwao, aliniachia pikipiki yake. Siku za kazi nililala Kashai, kwenye chumba cha kupanga, na Nathanieli alikuwa mwalimu wa shule ya jirani. Mrefu, mpole, ana sauti ya chini inayokulazimu usogee karibu ili umsikie. Nami nilisogea! Tulipendana mwaka mzima kabla Baba hajajua. Alipojua, alisema maneno machache. Kijana ni Mlutheri. Katekista wa Kashozi hawezi kumtoa binti yake kwa watu wasiosali rozari. Mjadala umefungwa.

"Niachie mimi, Jovi," Nathanieli aliniambia jioni moja, ameshika vidole vyangu kama anayevihesabu. "Hakuna nyumba isiyo na mlango. Nitaupata mlango wa kwenu."

Shule zikafungwa, akaenda kwao Muleba kwa mama yake. Shule zilipofunguliwa, mwalimu mwingine alisimama darasani mwake. Ameomba uhamisho, waliniambia. Amerudi kwao. Hakuniaga, hakutuma hata salamu. Nililia mpaka nikaona aibu, halafu nikakasirika. Hasira ndiyo iliyoniinua kitandani.

Nilivaa suruali ya kaki chini ya gauni, nikajifunga kilemba, nikaanza na pango la misheni pale pale Kashozi. Nikapiga magoti mbele ya sanamu ya Mama na kumwambia waziwazi: nirudishie mtu wangu, au nipe sababu ya kumchukia. Moja kati ya hayo mawili litanitosha.

Nikateremka Bukoba mjini, ziwa limetulia upande wa kushoto, nikashika njia ya Muleba. Kemondo nilisimama kunywa maji. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi wakanizunguka.

"Maawe, mama wee! Mwanamke juu ya chuma!" alisema mmoja. "Sista, hii umemwibia padre?"

"Mimi si sista, mama."

"Basi mume wako yuko wapi?"

"Ndiye ninayemfuata."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mkamate!" waliniambia nilipopiga kiki. "Usimwachie! Mfunge kamba nyuma ya pikipiki!" Nami nikacheka nao. Ndicho kicheko changu cha mwisho cha siku ile.

Baada ya Muhutwe nchi ilifunguka. Nyasi za rweya, nyika yetu isiyolimwa, zilikuwa zimekauka kabisa, njano tupu mlima hadi mlima, na penginepo zimechomwa zikabaki nyeusi. Na katikati ya ukavu ule imesimama mirinzi. Ni mti wa ajabu huo. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote, ukadhani umekufa, kisha kwenye matawi yale makavu hutoka maua mekundu kama makaa. Nilikuwa nimeiona tangu utoto lakini siku ile nilizima pikipiki nikaitazama, moyo unaniuma. Nilitamani awe nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, tuitazame wote. Hilo tu. Sikuwa naomba makubwa.

Chini ya mrinzi mmoja palikuwa na kibanda cha nyasi kidogo, hakimtoshi hata mbuzi. Cha Mugasha, bwana wa ziwa, wanayemheshimu wazee tangu kabla ya mapadre. Mtu alikuwa ameacha kikapu kidogo chenye kahawa. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Halafu mimi, Joviana, binti wa Karugendo katekista, nikachuma maua mawili nikayaweka pale. Mungu anisamehe. Mwenye shida hubisha hodi kila mlango.

*

Nilimkuta uani kwao, anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Aliposikia pikipiki aliinua kichwa, reki ikamtoka mkononi. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yale yale, na yaliponiangukia yaliwaka, nakuapia, yaliwaka. Kisha akayashusha haraka kama mtu aliyekumbuka msiba.

"Joviana."

"Ndiye mimi. Ulidhani ni mzimu?"

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na hasira zangu. Zinatosha kunisindikiza."

Hakuja kunishika mkono. Alifuta viganja kwenye suruali akabaki kule kule, mkeka wa kahawa kati yetu.

"Karibu," alisema. "Mama yuko shambani, atakuja sasa hivi."

"Sikumfuata mama yako. Nathanieli, kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna."

"Uniapie."

"Hakuna, Jovi. Hatakuwepo."

"Basi mimi nina kasoro gani? Kama ni dini, nilikwambia nitakufuata kanisani kwenu. Nililisema hilo natetemeka, mimi mtoto wa katekista! Kama ni Baba, ulisema nikuachie wewe, nikakuachia. Umenipa nini? Umenipa mwalimu mgeni anayeniuliza, 'Nikusaidie nini, dada?'"

Aliposikia neno 'dada' alifumba macho.

"Damian hakukwambia?" aliuliza polepole.

"Damian anahusikaje?"

Aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akapandisha shati kidogo. Karibu na kitovu palikuwa na kovu fupi, bado jekundu.

"Nani amekuchanja?"

"Kaka yako."

Nimelelewa na rozari, lakini nimezaliwa Kashozi. Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Nikashika usukani wa pikipiki.

"Omukago," nilisema. "Umekula omukago na Damian."

Kwetu watu wawili wakitaka kuwa ndugu, hukaa mbele ya wazee, wakachanjwa karibu na kitovu. Huchukuliwa tunda moja la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja hupaka punje yake damu yake, akampa mwenzake aile. Kuanzia hapo hao si marafiki tena, wametoka tumbo moja. Mama wa huyu ni mama wa yule. Dada wa huyu ni dada wa yule. Na dada haolewi na kaka yake, hata dunia ipinduke.

"Alikuja hapa mwenyewe kwa basi," Nathanieli alisema. "Mara ya kwanza alinisalimu tu. Mara ya pili alileta samaki. Mara ya tatu akaniambia, 'Baba yangu hawezi kumkatalia ndugu yangu jambo lolote. Kula kahawa nami, uwe mtoto wa nyumba yetu.' Jovi, niliona ndio ule mlango! Usiku ule sikulala kwa furaha."

"Hukujua? Mhaya mzima hukujua?"

"Ningejulia wapi? Baba alikuwa mtu wa reli, nimekulia Tabora. Omukago nilikuwa nalisikia tu mdomoni mwa wazee, nikadhani ni urafiki wa watu wanaonywa pombe pamoja. Hata waliposema 'dada yangu ni dada yako', nilidhani ni maneno ya heshima."

"Na mama yako? Yeye ni wa hapa hapa. Hakukuzuia?"

"Mama hajui habari yetu. Nilitaka kwanza baba yako akubali, ndipo nimwambie ya Ukatoliki. Yeye aliona kijana mwema wa Kashozi anataka kuwa ndugu yangu. Akachinja mbuzi. Ukoo wote ulikuja."

"Ulijua lini, basi?"

"Siku hiyo hiyo, tunakunywa rubisi. Mzee mmoja wa kwetu akanipiga begani akasema, 'Sasa una dada Kashozi. Akiolewa, usisahau fungu lako la mahari.' Wote wakacheka. Nikamtazama Damian. Alikuwa anakunywa, haniangalii."

Kaka yangu, sauti ya kwanza ya kwaya, mpokea komunyo kila Jumapili, amekwenda kulamba damu ya Mlutheri ili Mlutheri asinioe! Na Baba je? Sikuwa na haja ya kumuuliza Nathanieli. Baba alijua, ndiyo maana hakukohoa. Walinituma nikajionee mwenyewe, nirudi nimenyamaza.

"Haya, sikiliza," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. "Mimi Mkatoliki, wewe Mlutheri. Nani kati yetu wa kuogopa punje ya kahawa? Panda nyuma hapo. Twende mjini tupande meli. Mwanza hakuna anayejua nani kala nini na nani."

"Unadhani sijaiwaza meli hiyo? Wanasema nikivunja omukago tumbo litavimba nife. Siogopi tumbo. Namwogopea mama." Alionyesha migombani. "Nikikuoa watasema nimelala na dada yangu. Hakuna jirani atakayekanyaga ua wake. Akiugua hatapikiwa, akifa hatazikwa. Na pale ana kaburi bichi la Alistidia, dada yangu, aliyefariki mwaka jana kwa uzazi. Hana mwingine ila mimi."

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi ndiye nife."

"Jovi, bojo..."

"Usinibembeleze kwa bojo! Mwoga wewe! Umekimbia kama mwizi wa kuku! Ningesikia kwako, hata kama ningelia, ningelilia kifuani kwako. Umeniacha nikalia peke yangu Kashai, najiuliza nina harufu gani mbaya."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Mwambie mama yako," nilisema. "Leo, mbele yangu. Mwambie unanipenda. Akisema hapana, nitaondoka na sitakulaumu tena maisha yangu yote. Lakini nisihukumiwe na mtu asiyejua hata kama nina kesi."

Kisha akasimama, akavuka mkeka, kahawa ikipasuka chini ya miguu yake, akaja mpaka mbele yangu. Kidole chake kikagusa shavu langu.

"Nitamwambia," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Na akilia, nitavumilia. Nimechoka kukukosa."

Nilimwamini. Kwa dakika zile chache nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kagera nzima.

*

Ma Kokuhirwa, mama yake, alitokea migombani na mkungu wa ndizi kichwani, mwanamke mdogo wa mwili, shingo imenyooka. Nilikuwa nimekwisha kujipanga kupambana na mama mkwe. Nilikuwa na majibu yangu yote mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni nani huyu, Nathanieli?"

"Ni Joviana, Mama. Wa Kashozi."

"Joviana?" Aliutua mkungu chini. "Joviana wa kwa Karugendo? Dada yake Damian?"

"Ndiye."

Alinijia akanikumbatia, uso wake ukafika kifuani kwangu tu, na nilisikia moyo wake ukidunda kwa nguvu. Alinishika nyuma ya shingo, akanipapasa mgongo, kama anayehakikisha kwamba nimefika mzima.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Nimekungoja sana."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, pale mgeni anapokaa. Akaninyanyua.

"Hapo wanakaa wageni. Wewe njoo huku."

Akanipeleka chumba cha ndani. Kwetu mkwe haingizwi huko hivi hivi, wala mgeni. Huko hulala mama na binti zake. Palikuwa na majani mabichi yaliyotandikwa, na kitanda kidogo kimetandikwa vizuri ingawa hakuna aliyekilalia. Alinikalisha juu yake. Akatoa sandukuni kanga mbili, zimekunjwa, bado zina harufu ya dukani.

"Za Alistidia. Nilimnunulia za kubebea mtoto. Wakaenda wote wawili, yeye na mtoto." Alizilaza mapajani mwangu. "Watu waliniambia nizitoe sadaka. Nikakataa, sijui nilikuwa namtunzia nani."

"Mama, siwezi kuzipokea."

"Kwa nini usiweze? Sikiliza nikwambie. Nilipomzika mwanangu nilisema basi, kwangu hapa hakuna tena mtoto wa kike wa kuniosha nikifa. Mungu akaninyamazia. Siku huyu kaka yako Nathanieli alipotaka kula kahawa na Damian, wazee waliuliza mambo mengi, ukoo gani, muziro gani, mwiko wao ni upi. Mimi niliuliza swali moja tu: huyo Damian ana dada?"

Alicheka, mkono umefunika mdomo, kwa haya.

"Wakasema anaye. Nikawaambia, basi chinjeni mbuzi."

Nilizitazama kanga zile sikuona rangi zake. Nilikuwa nimekuja kumchukua mwanawe mmoja. Sikujua kwamba katika kumchukua huyo, nitamzikia tena binti.

Alinipikia ndizi na maharage, akaketi karibu yangu ananitazama nikila, akiniongezea kabla sahani haijapungua. Nathanieli alisimama mlangoni, hakula. Kila nilipoinua macho nilikuta yake. Yalikuwa yanasema: sasa hivi. Nipe nguvu kidogo, sasa hivi.

Jua lilipoanza kuinama nilisema naaga. Ma Kokuhirwa alinifungia kanga na kahawa mbichi nyuma ya pikipiki, akazifunga kwa mikono yake mwenyewe, akavuta fundo kulijaribu. Kisha akanishika kiganja, hakukiachia.

"Mama," Nathanieli alisema.

"Ee, mwanangu."

"Nina neno la kukwambia. Linamhusu Joviana."

"Sema."

Alikuwa anatabasamu yule mama. Macho yake yalitoka kwa mwanawe yakaja kwangu, yakarudi kwa mwanawe, kama mtu mwenye mali yake yote mbele yake. Nathanieli alivuta pumzi. Sikuona uoga usoni pake. Niliyemwita mwoga alikuwa amesimama wima, yuko tayari kwa ajili yangu, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile.

"Mimi na Joviana, Mama, tume..."

"Tumekubaliana nisikawie kurudi," nilisema.

Akanitazama. Niliona anavyoelewa. Niliona midomo yake inakataa, kichwa kinatikisika kidogo, hapana, Jovi, hapana. Nami nilikuwa na kiganja cha mama yake ndani ya changu, kikavu, chepesi, kinanibana.

"Nitakuja kukuona, mama, kila nikipata nafasi," nilisema. "Na nikiwa mbali, huyu atakutunza kwa niaba yangu." Nikamgeukia. Ilinibidi nilitamke nikimtazama machoni, la sivyo asingeamini. "Sivyo, kaka?"

Alizitazama kanga zilizofungwa nyuma ya pikipiki, nikaogopa atalia mbele ya mama yake.

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo, dada."

Ma Kokuhirwa aliachia mkono wangu. Tangu Alistidia afe, neno 'dada' lilikuwa halijatamkwa uani pake. Alitazama mbingu, akarusha mikono juu, akapiga vigelegele, akapiga tena, na akina mama wa ng'ambo ya migomba wakaitikia kwa vigelegele vyao, bila kujua wanashangilia nini. Nikapiga kiki.